Nilipodhani Indi ni ya Wahindi

Juzi baridi ilipoanza kuuma nilitoa hita ya umeme kabatini, nikaichomeka, na kabla haijapata joto ikatoa ile harufu. Wenye hita za zamani mnaijua: vumbi la kiangazi kizima linaungua kwenye waya. Mwanangu akaziba pua, akaniambia kwa Kiingereza chake niizime kabla king'ora cha moto hakijalia. Mimi nilibaki nimechuchumaa. Kwangu harufu ile si ya hita. Ni ya amplifaya iliyokuwa stoo kwa Baba Hansa, kule Tooting, London, katikati ya magunia ya mchele na madebe ya samli. Na kila ninapoinusa, kabla sijakumbuka hata noti moja ya muziki, nakumbuka wivu. Wivu wenyewe, jinsi ulivyokaa: hapa chini ya mbavu, upande wa kushoto, kama maji baridi uliyoyanywa kwa pupa.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi watatu, Mama, dada yangu Tumaini na mimi, ghorofani juu ya fundi viatu. Mama alikuwa nesi, na zamu zake hazikuwa na adabu: leo alfajiri, kesho mchana, keshokutwa hatumwoni kabisa ila tunamsikia akikoroma chumba cha pili. Kwa hiyo aliyenilea hasa ni Dada Tuma, ambaye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitano. Yeye ndiye aliyenisuka, yeye ndiye aliyenipeleka shule na kunirudisha, na Jumamosi yeye ndiye aliyenishika mkono tukibeba mifuko ya nguo chafu kwenda kuzifua kwenye duka la mashine. Tulilala kitanda kimoja. Miguu yake ilikuwa na joto, yangu barafu, na alikubali niibandike kwenye yake bila kunung'unika.

Na tulikuwa tunaimba. Jumapili mchana, kwenye ukumbi ambao ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa inauazima, mimi na Dada tulisimama mbele ya kwaya ya watoto, yeye sauti ya pili, mimi ya kwanza. Akina mama walifuta macho. Mama alikuwa akisema Mungu alitupa sauti moja akaikata nusu kwa nusu. Mimi sikujua kwamba ni maneno ya kusifia tu. Niliamini kabisa kuwa sauti ya Dada haiwezi kutoka mimi nisipokuwepo, kama mkasi usivyokata kwa upande mmoja.

Halafu akaja Hansa.

Baba yake alikuwa na duka milango minne kutoka kwetu. Alizaliwa Tanga mjini, Mama ni wa Muheza, na siku ya kwanza Mama alipoingia kuulizia unga wa sembe, mzee yule alimjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Walizungumza mpaka wateja wengine wakaanza kuguna. Tangu hapo akawa Baba Hansa, Mama akawa Mama Tuma, na sisi tukawa watu wa kupita mpaka nyuma ya kaunta. Hansa alikielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, hata baba yake akimgombeza. Alikuwa darasa moja na Dada. Nywele zake za mbele alizikata mwenyewe kwa mkasi wa dukani, zikamfunika jicho moja, na alivaa sweta la mzee lililotoboka kwenye viwiko wala haoni haya. Alikuwa na gitaa la umeme lililochubuka rangi kama sufuria ya zamani.

Mwanzoni nilimpenda, maana alinipa maembe makavu bila kuombwa. Mpaka Jumamosi moja Dada aliponiacha katikati ya kusukwa, upande mmoja mistari, upande mmoja kichaka, kwa sababu Hansa amepiga mbinja chini ya dirisha.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kwa Hansa. Tunafanya indi."

"Indi ni nini?"

"Muziki. Nitakumalizia jioni."

Hakunimalizia. Alinimalizia Mama, kwa mikono ya mtu aliyetoka zamu, akavuta mpaka nyusi zikapanda.

Indi. Kwa akili ya miaka tisa neno hilo halikuwa na utata. Indi ni India, India ni Wahindi, Hansa ni Mhindi, na muziki wenyewe unapigwa stoo ya duka la Mhindi. Dada yangu alikuwa anaingia Uhindini. Juu ya kitanda chetu akabandika picha za wavulana wembamba, weupe, wanaotazama viatu vyao, na hilo halikunitikisa. Baba Hansa aliwahi kunisimulia kwamba milimani kaskazini mwa India kuna watu weupe wenye macho ya kijani. Nikasema basi ndio hawa. Na huzuni yao ile ni ya baridi ya huko milimani.

Nilikusanya ushahidi kama mpelelezi. Dada alianza kula achari na kila kitu, hata mayai. Alivaa bangili mbili za Hansa. Siku moja Mama alisema akiosha vyombo, "Huyu mtoto siku hizi ni indi asubuhi, indi jioni," na mimi moyo ukaniruka, maana kama hata Mama ameliona basi jambo limekwisha kuiva. Niliamua kumfuata dada yangu huko huko aendako. Nikajipaka mafuta ya nazi kichwani mpaka yakachuruzika, nikajifunga kanga ya Mama begani, nikateremka dukani.

"Baba Hansa," nikamwuliza, "mtu akitaka kuwa Mhindi anafanyaje?"

Hakucheka. Aliweka chini boksi la dengu, akafikiri.

"Anakufa kwanza," akasema. "Halafu anazaliwa tena, akibahatika. Kwa nini, binti?"

"Basi tu."

"Usifanye haraka. Foleni yake ni ndefu."

Nilirudi nyumbani nikiburuza kanga. Sasa nilikuwa na uhakika. Mlango ule kwangu ulifungwa tangu nizaliwe, na dada yangu alikuwa amepenya kwa njia ambayo hakutaka kuniambia.

Walichoniruhusu ni kukaa nje ya mlango wa stoo, juu ya gunia, Mama akiwa kazini. Nilikaa nikisikiliza. Kwanza Hansa aliwasha amplifaya, na ile harufu ya vumbi linaloungua ikatoka, imechanganyika na bizari. Kisha gitaa likaanza, na halikuwa kama magitaa ya bendi za nyumbani ambazo Mama alizisikiliza akipika, yale yanayojibizana kama watu wenye furaha. Hili lilitawanyika kama vijiko ndani ya droo inayofunguliwa kwa nguvu. Hansa alijua mishiko mitatu tu ya vidole kwenye nyuzi, na aliirudia bila aibu. Dada alipiga debe tupu la samli kwa kijiti. Halafu akaimba, na mimi nikasimama kwenye gunia.

Hakuwa dada yangu wa kanisani. Hakupandisha, hakupamba. Aliimba kama mtu anayejisemea huku anatafuta funguo. Nilingoja ifike ile sehemu ya kuinua sauti, ile ambayo mimi huingia. Haikufika. Wimbo ukaisha umekatika tu, kama mtu aliyeitwa chumba kingine.

Walipotoka nilimwuliza Hansa kwa nini Dada hapazi sauti. Akanijibu kwa Kiingereza, akifunga waya, kwamba huo ndio uzuri wake: hamwombi mtu ampende.

Jibu hilo lilinichoma, maana mimi nilikuwa mtoto wa kuomba kupendwa kutwa nzima.

Miezi ikapita hivyo. Kisha mwalimu wao wa muziki akawaazima mashine ya kurekodia, yenye kuweza kupandisha sauti juu ya sauti, na wakarekodi nyimbo tatu stoo. Mashine ikarudishwa, na kanda ya ndani yake ikatumiwa na wanafunzi wengine, kwa kuwa ilikuwa moja. Kwa hiyo nyimbo zile zilibaki kwenye kaseti moja tu duniani, na kaseti hiyo ilikuwa na safari. Hansa alikuwa amesoma kwenye kijigazeti fulani cha fotokopi, kile cha kubanwa pini na mtu nyumbani kwake, habari za vijana wawili wa Peckham, mtaa mwingine wa London, waliokuwa wakitoa sahani za santuri kutoka chumba chao cha kulala. Akawaandikia. Wakajibu kwa kadi: leteni kaseti kabla ya Ijumaa, tunachagua.

Jumatatu Dada aliileta kaseti nyumbani kunisikilizisha. Nataka niseme hivyo waziwazi, kwa sababu miaka mingi nilijisahaulisha: aliileta ili nisikie. Alikaa kitandani amekunja miguu, akinitazama uso.

Wimbo wa kwanza ulinipita, na wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa juu ya duka la mashine za kufulia. Nililijua neno kwa neno, maana nilikuwemo mle kila Jumamosi: kiti cha plastiki kilichopasuka, kioo chenye jasho, soksi moja isiyo na mwenzake inayozunguka. Msichana amekaa anatazama nguo zinavyozunguka. Niliusikiliza wimbo ule nikijitafuta. Nikasubiri ubeti wa kwanza, nikasubiri wa pili. Mle ndani msichana yule alikuwa peke yake. Anaimba kabisa, na anarudia, kwamba yuko peke yake na hakuna anayemwita.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale! Kiti cha pili, bega kwa bega! Nimeshika sabuni!

"Umeupenda?" Dada akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Kesho yake tulipotoka shule, Mama amelala fofofo baada ya zamu, Dada ameteremka kuchukua mkate, niliichukua kaseti. Hapa pana namna mbili za kusimulia. Ya kwanza niliitumia utu uzima wangu karibu wote, na watu hucheka wakaniona mtoto mwenye moyo mzuri: kwamba nilimwona Dada akipandisha sauti juu ya sauti kwa mashine ya mwalimu, nikadhani na redio kaseti yetu itafanya hivyo, nikataka tu kuongeza sauti yangu. Ni hadithi nzuri. Siyo kweli. Sisi tuliokua na kaseti tunakumbuka vile vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, na kilichomo kinakuwa salama. Dada alikuwa amevivunja. Nilikuwa nimemwona Baba Hansa akiziba matundu hayo kwa selotepu alipotaka kurekodi upya kwenye kaseti zake za zamani. Nikaenda kwenye droo ya jikoni. Nikakata selotepu vipande viwili, kwa meno, nikaviweka sawasawa, nikavisugua kwa ukucha. Mtoto asiyejua anachokifanya hasugui kwa ukucha.

Nikatafuta mwanzo wa wimbo wa tatu, nikabonyeza, nikaimba wimbo wetu wa Jumapili. Sauti ya kwanza peke yake, mpaka mwisho. Kisha nikaanza upya, mpaka nilipokuwa na hakika hakuna kilichobaki cha yule msichana na nguo zake.

Jumatano baada ya shule tuliingia dukani sote watatu. Hansa alitaka baba yake asikie kabla kaseti haijatiwa kwenye bahasha, akaiweka kwenye redio iliyokuwa juu ya kaunta. Mzee alisikiliza wimbo wa kwanza akitikisa kichwa taratibu. Wa pili akafunga macho. Wa tatu ukaanza, gitaa mara mbili tatu, halafu mlio wa kitufe, halafu mimi.

Sauti ya mtoto anayeimba kwa nguvu zake zote. Nyuma yake birika letu likipiga mluzi.

"Mashine imeharibika," Hansa akasema. "Imechanganya."

Dada akainamia redio. Alibonyeza, akaitoa kaseti, akaigeuza, akaona selotepu. Akaipitishia kidole. Baba Hansa naye akaiona, na nikamwona anafikiri, na anaelewa kwamba aliyenifundisha ni yeye.

Nilitegemea kofi. Dada alinigeukia, na sauti aliyoitoa ndiyo ile kubwa niliyokuwa naingojea stoo miezi yote.

"Kila mahali uko! Kitandani uko, shule uko, kanisani uko, kwenye nguo uko! Mimi sina hata choo changu mwenyewe, unabisha hodi! Nilikuwa na dakika tatu. Dakika tatu tu ambazo wewe humo. Nazo umezitaka?"

"Nyinyi mnakwenda Uhindini!" nikapiga kelele na mimi, machozi na kamasi. "Unakuwa Mhindi na mimi siwezi! Baba Hansa kasema mpaka nife!"

 Mama mmoja aliyekuwa anachagua bamia akaacha.

"Anasemaje?" Hansa akauliza, ingawa alikuwa ameelewa kila neno.

"Indi," nikalia. "Muziki wenu wa Kihindi."

Hansa aliinamia kaunta akacheka mpaka akakaa sakafuni. Dada hakucheka. Baba Hansa alizunguka kaunta, akachuchumaa mbele yangu, magoti yakamlia.

"Sikiliza, binti. Indi si Uhindi. Ni neno lao la Kiingereza wamelikata mkia. Kujitegemea, ndiyo maana yake. Wewe umetoka Tanzania, hujui kujitegemea?"

Nikatikisa kichwa.

"Zamani mwanamuziki alikuwa lazima aende kampuni kubwa. Kampuni inamwambia vaa hivi, imba hivi, kata pale. Wakatokea vijana, wengine hata gitaa hawajui vizuri, wakasema hatuendi. Tutarekodi wenyewe, tutatengeneza sahani wenyewe, karatasi ya kuifunikia tutaikunja mezani kwetu, tutaiuza kwa marafiki. Sivyo, Hansa?"

Hansa akafuta macho, akaongeza kwa Kiingereza kwamba wengi walikuwa vijana wa miji ya mvua ya kaskazini mwa nchi hii, na walianza kwa hasira, baadaye hasira ikapoa ikabaki aibu na magitaa. Baba yake akamtafsiria yule mama wa bamia, aliyekuwa anasubiri kujua.

"Kwa hiyo mimi ni indi," mzee akamalizia, akijishika kifua. "Hili duka ni indi. Sina bosi. Umeelewa?"

Nilielewa, na ilikuwa mbaya zaidi. Kama ungekuwa ni Uhindi, basi nilifungiwa na Mungu. Kumbe mlango ulikuwa wazi kwa mtu yeyote anayejua mishiko mitatu, na dada yangu alikuwa ameamua tu kwamba mimi nisiingie. Miaka iliyofuata nimeona neno lile likibadilika. Kampuni kubwa zikazinunua zile ndogo, na indi ikawa jina la mlio na la mtindo wa nywele badala ya jina la kujitegemea. Lakini kila ninapolisikia, maana ya kwanza inayonijia ni ile ya siku ile dukani: kitu ambacho mtu amejifanyia mwenyewe, bila wewe.

Mama aliambiwa jioni. Hakunipiga naye. Alinikalisha, akasema, "Wivu ni moto wa makumbi, mwanangu. Hauonekani ukiwaka, unaona tu moshi na kitu kimekwisha." Kisha akamgeukia Dada, akamtazama muda mrefu, kama anayemwona alivyokua. Akasema kuanzia wiki hiyo nguo atafua yeye na mimi, zamu au si zamu, na Tuma Jumamosi ni yake. Dada akaanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tufike London, na sikupenda kwamba sababu ya kulia kwake ni kwamba amepumzishwa kunilea.

Alhamisi Baba Hansa alifunga duka saa tisa, jambo ambalo watu wa mtaa ule walilizungumza. Mashine ya mwalimu ilikuwa kwa wengine. Wakasema watarekodi wimbo wa tatu kwa redio kaseti ya dukani, mara moja, kama ulivyo. Tatizo lilikuwa friza mbili za samaki na mboga zilizopakana na stoo. Mngurumo wake uliingia kwenye kila kitu. Ilibidi zizimwe, na mtu asimame kwenye plagi asije akasahau kuzirudisha, samaki wakaharibika.

"Atasimama yeye," Baba Hansa akasema, akinionyesha.

"Yeye?" Hansa akasema.

"Yeye."

Nadhani aliona haya kwa ajili ya selotepu, akataka kunirudishia kitu. Dada hakunitazama.

Basi nikasimama kwenye korido kati ya friza na mlango wa stoo ulioachwa wazi kidogo, plagi mkononi, tundu la ukutani usawa wa goti langu. Duka lilipokosa mngurumo ule lilikuwa kimya kama maji. Nikasikia amplifaya ikinuka, nikasikia kitufe. Gitaa. Debe. Dada.

Niliusikia wimbo ule safari hii bila kujitafuta, kwa kuwa nilishajua simo. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko chochote tulichowahi kuimba sisi wawili mbele ya wale akina mama wenye leso, na alikuwa anauimba mwenyewe, mkasi wa upande mmoja, na ulikuwa unakata. Plagi ilikuwa mkononi. Nilijua nikiichomeka tu, friza zitaruka na mshindo wake ule, na itakuwa ni bahati mbaya, mtoto kachoka mkono. Hakutakuwa na selotepu. Nikaisogeza karibu na tundu. Nikahisi vyuma vyake vikigusa ukuta.

Watu huniuliza, ninapofika hapa, ni nini kilinizuia, wakitaka niseme upendo. Ningependa kusema hivyo. Wimbo uliisha kabla sijaamua.

Vijana wa Peckham waliuchukua wimbo ule, na uleule mmoja. Zile mbili za mashine nzuri walizirudisha na asante. Walipenda, waliandika, kwamba unasikika kama uliokotwa. Ikatoka sahani ndogo ya santuri. Karatasi zake zilikunjwa mezani kwetu, Mama akisaidia na gundi, na jioni moja ikapigwa redioni, mara moja, mtangazaji akakosea jina la Dada. Mama alipiga vigelegele jikoni peke yake. Dada na Hansa waliimba kwenye vyumba vya nyuma vya baa ambako mimi sikuruhusiwa kwa umri, na Hansa akaniambia watu walikuwa wakisimama kimya kabisa. Nilimchukia kwa kuniambia. Kisha Hansa akaenda chuo kikuu kaskazini, Dada akaenda kusomea unesi, na bendi ikaisha bila ugomvi, kama wimbo wao. Kitanda kikawa changu chote. Nililala katikati, miguu barafu.

Dada Tuma sasa ni mkunga, anaishi Leicester, ana watoto watatu na haimbi hata bafuni. Tunapendana. Tunapigiana simu kila Jumapili.

Mwezi uliopita ofisini kwetu, binti mmoja mgeni, wa umri ambao angeweza kuwa mwanangu, alinivalisha vipokea sauti vyake vya masikioni wakati wa chai. Alisema sikiliza hii, vijana siku hizi wanazichimbua nyimbo za zamani za indi zilizosahaulika, na hii ndiyo anayoilalia na kuiamkia. Nilijua kwa debe la samli kabla sauti haijaingia. Alikuwa ananitazama uso, kama Dada alivyonitazama siku ile kitandani.

"Hakuna anayejua huyu mwimbaji ni nani," akasema. "Nimetafuta kila mahali. Unaisikia lakini? Ni kama ananiimbia mimi peke yangu."

"Ni nzuri," nikasema, nikamrudishia. "Simjui."

Jumapili nilimweleza Dada. Nilidhani atakasirika, au atafurahi. Nikasikia watoto wake wakigombana nyuma.

"Ungemwambia tu."

"Sikutaka."

"Wewe mtoto," akasema. "Bado tu?"

"Bado."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa ile sauti ya chini isiyoomba kitu, kwamba angependa sana kuzungumza na binti huyo, nimpe namba yake ya simu.

Sijampa.